Mota ya Feni na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni wiki saba tu, kwa hiyo msikae mkao wa kulala. Menyeni viazi huku mnasikiliza. Wewe mwenye kisu kikubwa, unatupa nusu ya kiazi pamoja na ganda, shauri yako. Kesho wageni wakipungukiwa utawapikia hayo maganda.

Hapo zamani palikuwa na gari bovu, na baridi kali, na mtoto mmoja mdogo kuliko paka. Palikuwa na watu watatu. Mmoja alitoa. Mmoja alifunga. Mmoja aliendesha. Bila huyo, mtoto angekufa; bila yule, mtoto angekufa; bila yule mwingine, mtoto angekufa. Watu ni watatu na jina ni moja. Kesho ni ubatizo na mtoto hana jina mpaka saa hii, tunamwita Mtoto, kana kwamba hana wenyewe. Na katika ukoo wetu jina la mjukuu wa kwanza hutolewa na bibi mzaa baba. Bibi huyo ndiye mimi, Mama Ipyana, niliyesimama mbele yenu na mwiko, siku ya tatu leo usingizi sijui uko wapi.

Nikae? Nikikaa nitanyamaza. Niacheni nisimame.

Ninyi mliotoka Kyela na Mbeya hamjasikia chochote. Wa hapa Uporoto mmesikia nusu, na nusu hiyo mmeshaihukumu. Nusu ya pili hamjaisikia. Hata mume wangu hajaisikia kutoka kinywani mwangu, naye amekaa nje, nyuma ya ukuta huu hapa, kwa sababu Ambwene, mkamwana wake, yumo humu ndani. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Akipita huyu, yule anakwepa njia. Vijana mnacheka, mnasema hayo ni mambo ya kale, lakini Baba Ipyana mwenyewe ni wa kale. Ambwene ameolewa hapa miaka minne, na mpaka siku ile mume wangu alikuwa hajui kama mkamwana wake ana mwanya au hana.

Haya. Ilikuwa siku ya gulio, mvua za masika. Malori yote yalikuwa yameshuka na viazi tangu alfajiri. Mwanangu Ipyana, baba wa mtoto, yuko Chunya kwenye machimbo. Ambwene alikuwa na mimba ya miezi saba, uchungu ukamshika kabla ya siku zake, na saa moja asubuhi akajifungua pale zahanati. Msichana. Muuguzi akamweka kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena. Kilo moja na nusu.

Muuguzi akanivuta pembeni. "Mama, huyu hawezi kukaa hapa. Anatakiwa hospitali kubwa ya mjini, leo hii. Gari la wagonjwa limempeleka mwingine, halijarudi. Mpelekeni ninyi. Akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na njiani asipoe. Akipoa, msije mkanilaumu."

Tukawasha gari letu. Lile la kijivu, mnalifahamu, lina umri wa kuoa. Baba Ipyana kwenye usukani, Ambwene nyuma na mtoto kifuani, amejifunika khanga kichwa kizima, mimi katikati yao nimejitanua ili wasionane. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Baba Ipyana akazungusha kitufe cha joto. Kimya. Akazungusha hadi mwisho. Kimya. Hatujafika hata kanisani, kioo cha mbele kikawa cheupe kwa pumzi zetu, kama kimepakwa uji. Akafuta kwa mkono wa koti, kikarudi cheupe. Akafuta tena, gurudumu la kushoto likaingia mtaroni. Akashusha dirisha kioo kipate kukauka, baridi ikaingia kama ilikuwa inasubiri kukaribishwa, na Ambwene akasema, "Mama, miguu yake imekuwa ya baridi."

Tukageuza. Mtoto tukamrudisha hapa jikoni, hapa hapa mnapomenyea, karibu na moto.

Sasa mnielewe, maana kuna mjinga mmoja alisema tulikataa kwenda kwa sababu ya starehe ya joto. Ndani ya gari lile joto lilikuwepo. Injini ikichemka inatoa joto la kutosha. Aliyekosekana ni wa kulipuliza, yaani feni. Mmewahi kuwasha jiko la mkaa bila kulipepea? Moto uko, ugali hauivi. Bila feni ile dereva haoni njia, na mtoto hapati joto. Ukifungua dirisha uone njia, unamwua mtoto. Ukilifunga umtunze mtoto, mnatumbukia wote korongoni. Ndivyo ilivyokuwa.

Feni iliharibika kwa nini? Ngojeni, nitafika. Nani amesogeza sufuria yangu?

Akaja Tusekile. Tusekile, usiiname, wanajua ni wewe. Fundi cherehani wetu, futi ya kupimia iko shingoni hata akienda kuzika. Wageni, mjue kitu kimoja kuhusu Tusekile: ana pumu, na pareto ndiyo adui yake. Sisi wote hapa tunalima pareto, haya maua meupe wanayotengenezea dawa ya wadudu, na vumbi lake likimgusa pua tu kifua kinambana. Ndiyo maana hakulima. Alijifunza kushona, na kwa kutengeneza cherehani za umeme akajifunza mota. Kijiji kizima kinajua. Hata mbuzi wanajua.

Tusekile akaingia garini, akasikiliza. Akagonga mahali fulani chini mbele ya abiria kwa mpini wa bisibisi. Kitu kikaguna mara moja, kikanyamaza. Akatazama fyuzi, nzima. Akaweka kitaa chake cha kupimia kwenye waya, kikawaka.

"Umeme unafika," akasema. "Mota ndiyo imekufa. Nipeni mota ya gari kama hili, nitaifunga hapa hapa. Fundi wa mjini simhitaji."

Tukatazamana. Gari kama hili kijijini liko moja tu. Kisha wote wakanitazama mimi, nami nikatazama viatu vyangu.

Gari hilo ni la Subilaga. Yule pale kwenye moto, mwenye kilemba cha buluu. Mumewe Lusajo alifariki miaka miwili iliyopita, hawakujaliwa mtoto, akaacha gari lenye gia zilizokwisha. Haliendi popote. Subilaga amelifunika turubai uani, na hakuna aliyewahi kugusa hata kofia ya gurudumu. Kila Jumapili akitoka kanisani anaingia, anafunga mlango, anawasha feni, anakaa kidogo. Lusajo alikuwa anavuta tumbaku ya kiko, na feni ile ikipuliza inaleta harufu yake. Aliniambia mwenyewe, zamani tulipokuwa tunaongea.

Tuliacha kuongea kwa sababu yangu. Siku ya arobaini ya marehemu, watu bado wanakula, mimi nilimfuata Subilaga jikoni nikamwambia, mwenzangu, gari lile halina kazi tena, basi nipe betri. Mnashangaa? Na mimi nashangaa. Nina mdomo unaotembea kabla ya miguu. Hakunijibu siku ile, wala mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Basi nikaenda. Nikamkuta anapura maharage, nikamsalimu.

"Ndaga, Subilaga."

Akapura.

"Nimekuja kukuomba kitu cha kwenye gari."

"Betri imeshaoza," akasema, bila kuinua macho, ingawa kila Jumapili inazungusha feni.

Nikapiga magoti kwenye maganda ya maharage. Sikupanga. Nikamwomba radhi ya ile siku ya arobaini, nikamweleza habari ya mtoto na mota ya feni. Akaendelea kupura. Alipura mpaka nikadhani hakusikia, na wakati huo huku jikoni Ambwene anamsugua mtoto miguu. Mwisho akaweka fimbo chini, akaniacha nimepiga magoti, akaenda kufungua turubai. Akaingia, akafunga mlango, akawasha feni. Nilimwona kupitia kioo amefumba macho. Haikuwa muda mrefu. Kwangu mimi ulikuwa mrefu.

Akatoka. "Mwite Tusekile aitoe," akasema. "Na asiniambie anapoanza."

Huyo ndiye aliyetoa.

Tusekile akaitoa mota ya Lusajo. Ikatoka safi. Akaja nayo kwetu ameikumbatia, Subilaga nyuma yake. Kwanza akafungua waya wa betri. Kisha akang'oa kile kisanduku cha kuwekea makaratasi. Nyuma yake, juu kidogo ya miguu ya abiria, kuna kopo jeusi la plastiki lililoficha mota na gurudumu lake la mapanga madogo madogo. Kopo linashikwa na skrubu tatu. Mbili unaziona. Ya tatu iko nyuma kabisa, huioni, unaipapasa, na mkono wa mwanamume haupiti. Baba Ipyana alijaribu, akatoka amechunika vidole. Mkono wa Tusekile ukapita. Lakini ili upite ilibidi alale chali, miguu kwenye kiti, kichwa chini kwenye zulia, uso juu, kopo likiwa juu ya pua yake.

Nami nilikuwa nimeshika tochi.

Skrubu ya kwanza. Skrubu ya pili. Skrubu ya tatu. Kopo likashuka, na kilichomo kikamwagikia usoni. Pareto. Maua makavu, petali, vumbi la njano, limejaa kwenye mapanga, limeshindiliwa, limeungua na kuganda.

Tusekile akatoka nje anakohoa, macho yametoka maji. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amekausha pareto ndani ya gari?"

Mimi nikatazama milima, ingawa milima yenyewe ilikuwa ukunguni.

"Mimi," akasema Baba Ipyana.

"Wewe, baba? Tangu lini wanaume wa nyumba hii wakaanika pareto?"

"Ni mimi, mwanangu. Fanya unaloweza. Mtoto anapoa."

Angeweza kukataa. Nani angemlaumu? Alichukua khanga yangu begani, bila kuomba, akafunga pua na mdomo, akarudi kulala chali kwenye lile vumbi. Mota ya Lusajo ikaingia, matundu ya skrubu yakakubali, lakini kichwa cha waya hakikufanana. Akakata waya kwa mkasi wa kushonea, akaunga, akafunga utepe mweusi. Betri ikarudishwa, kitufe kikazungushwa. Feni ikazunguka lakini pumzi yake hafifu, haifukuzi hata nzi. "Inazunguka kinyumenyume," akasema, na sauti yake tayari ilikuwa na filimbi ndani. Akarudi mara ya tatu, akabadilisha waya, huu hapa na ule pale. Mara hii upepo ukatoka, moto kabisa, na gari zima likanuka tumbaku ya kiko. Nilimsikia Subilaga nyuma yangu akilia polepole.

Tusekile hakutoka mwenyewe. Tulimvuta miguu. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

Huyo ndiye aliyefunga.

Sasa mtoto aende, na Tusekile anashindwa kupumua. Muuguzi akaja mbio kutoka zahanati, akasema nimshikilie Tusekile akae wima wakati anatafuta dawa. Subilaga akashika upande mmoja, mimi upande mwingine, hatukuweza kumwachia. Ndipo nikaona gari linaondoka, na ndani yake wamo Baba Ipyana na Ambwene, na hakuna mtu katikati yao.

Yaliyotokea njiani sikuyaona, kanisimulia Ambwene. Mume wangu alikigeuza kile kioo cha katikati kikatazama paa. Akaendesha. Alitaka kujua hali ya mtoto na kumsemesha mkamwana hawezi, basi akaliuliza gari. "Gari, mtoto anapumua?" Na Ambwene, ndani ya khanga yake, akalijibu gari, "Gari, anapumua." Msicheke, walikwenda hivyo kona baada ya kona. Gari, ana joto? Gari, ana joto. Gari, amelia? Gari, hajalia.

Kwenye mteremko, palipo na kona mbili zinazofuatana, akauliza, "Gari, mtoto anapumua?" Gari halikujibiwa. Kisha Ambwene akaita. "Baba, amenyamaza. Baba, amekuwa wa buluu."

Mume wangu akasimamisha gari. Akageuka.

Aligeuka, nasema. Akamwangalia mke wa mwanawe usoni, khanga imeanguka, kifua wazi, mtoto kalala pale kimya. Akamchukua mtoto kwa mikono yake, akamlaza kiganjani, akamsugua mgongo kwa vidole vile vilivyochunika, anamsugua na kumwita, hana jina, basi akamwita kwa jina la mama yake mzazi, Bupe, Bupe, Bupe. Mtoto akavuta pumzi. Akalia. Akamrudisha kifuani kwa mama yake kwa mikono yake mwenyewe, akavuta khanga akawafunika, akaendesha hadi mjini. Hospitali walipompokea mtoto, walisema mngechelewa nusu saa tu, msingekuwa naye.

Huyo ndiye aliyeendesha. Tangu siku ile halali kwetu. Analala ghalani na viazi. Anasema mtu aliyeona alichokiona hafai kukaa na watu mpaka mambo yatengenezwe kimila, na anatengeneza kwa nani wakati waliojua utaratibu wameshakufa. Nikimpelekea chakula anapokea mlangoni. Naumia, na ninyi mnaonijua mnajua si kawaida yangu kusema naumia.

Jumapili iliyopita mtoto alirudi kutoka hospitali, kilo mbili na robo, ana sauti ya mnadi wa gulio. Tukawaita wote watatu hapa, wazee wakawasikiliza.

Subilaga akasimama. "Mimi sitaki mtoto aitwe Subilaga. Nataka aitwe Lusajo, jina la wa kike na wa kiume. Mume wangu hakuacha mtu wa kumwita kwa jina lake. Kilichobaki kwake kilikuwa ile feni, na sasa iko kwenye gari la wenzangu, nami Jumapili nakaa kwenye gari lisilopuliza kitu. Kama si pumzi ya Lusajo, mtoto angepumua? Nimetoa. Nipeni jina."

Tusekile akasimama, akashika meza. "Mota iliyo mkononi haipulizi. Mimi ndiye niliyelala kwenye sumu yangu mara tatu. Ya kwanza sikujua kilichomo. Ya pili nilijua, ya tatu nilijua zaidi. Wiki tatu sikukanyaga cherehani, na kifua changu hakijarudi kilivyokuwa. Aitwe Tusekile. Nimefunga. Nipeni jina."

Baba Ipyana hakusimama, alikuwa nyuma ya ukuta. Aliyesimama ni Ambwene, na wazee wakashtuka, maana mkamwana hamsemei baba mkwe. Akasema, "Gari lilikuwa zima na feni inapuliza, na mwanangu alikufa kwenye kona. Aliyemrudisha ni Baba. Alivunja mwiko wake kwa ajili yangu, na sasa analala na viazi. Jina ameshamwita mwenyewe, na mtoto aliliitikia. Ni Bupe."

Watu wakaanza kuguna kukubali. Ndipo Tusekile akasema, polepole, bila hasira, "Shikamoo yake naitoa kila siku, ni kama baba yangu. Lakini aliyechoma nyumba hasifiwi kwa kuleta maji. Pareto ile nani aliitia? Kama si yeye, mota isingekufa, Subilaga asingenyang'anywa, mimi nisingeugua, na mtoto angekwenda mjini saa mbili asubuhi."

Wazee wakauliza ukuta. Ukuta ukajibu, "Ni kweli. Mniondoe."

Wakamwondoa. Wakabaki wawili, wakaniachia mimi nichague, Lusajo au Tusekile. Ndiyo nusu mliyoisikia.

Haya, acheni visu kidogo. Hapana, endeleeni kumenya, mkinitazama wote sitaweza.

Wiki mbili kabla ya siku ile, Baba Ipyana alikwenda kwenye msiba Kiwira, akalala huko siku mbili. Mvua haikatiki, na pareto yangu imelala kwenye chekeche la kuanikia, inaanza kuvunda. Pareto ikivunda kiwandani wanaikataa, msimu mzima umepotea. Nikaliangalia gari. Nikasema moyoni, kumbe humo mna joto la bure. Nikatandika magunia kwenye viti, nikamwaga maua, debe tatu. Nikawasha injini kama nilivyomwona akifanya. Kitufe cha joto nikakipeleka kwenye nyekundu, cha feni hadi mwisho, nikafunga milango. Nikarudi kila baada ya muda kugeuza maua, na yalikuwa yanakauka vizuri, nikajisifu. Jioni feni ikaanza kulia. Kisha ikanyamaza. Nikatoa maua, nikafagia viti, nikafuta kwa kitambaa chenye sabuni, nikafunga mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako, mnasema. Basi, mla ndiye mimi niliyesimama hapa na mwiko.

Mume wangu alijua. Aliporudi alikuta petali moja imenasa kwenye usukani. Aliitoa, akaitazama, akanitazama, akaitia mfukoni. Hakuniuliza. Mpaka leo hajaniuliza. Angeniuliza siku ile, tungeitengeneza feni mapema, na yote haya yasingekuwepo, kwa hiyo msimfanye malaika, na yeye alinyamaza. Lakini Tusekile alipouliza nani, mimi nilikuwa nimesimama pale na tochi mkononi, na yeye ndiye aliyesema mimi.

Na bado si hilo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni kabla ya hapo. Ni zile skrubu tatu. Tusekile alikuwa amelala chali, uso juu, hajui. Mimi nilijua kilichomo ndani ya kopo. Skrubu ya kwanza, nikasema sasa nitamwambia. Skrubu ya pili, nikasema sasa. Nilikuwa naona aibu. Watu wote pale, Subilaga yuko nyuma yangu, ndiyo kwanza nimetoka kumpigia magoti, nikawaza watasema huyu mama tena. Skrubu ya tatu nikainua tochi ili aone vizuri.

Tusekile ameweka kisu chini. Ananitazama. Uliza, mwanangu, uliza mbele yao.

"Ulijua kifua changu, mama?"

Nilijua.

"Ungesema, ningefunga khanga kabla ya kufungua."

Najua.

Mnamsikia aliye nje? Anakohoa. Anataka kusema. Sema, Baba Ipyana, leo ni siku ya kusema.

"Mama Ipyana, sufuria inafoka."

Mmemsikia. Ndivyo alivyo. Wiki saba amebeba mzigo wangu, nami nimeutua mbele ya watu, na anaangalia sufuria isije ikaniunguza. Ambwene, punguza moto. Na umlete mtoto hapa, ameamka.

Hadithi yangu imefika mlangoni, mimi siwezi kuivusha. Kama mume wangu hakuharibu, mliyemwondoa mmemwondoa kwa uongo wake mwenyewe na kwa ukimya wangu. Subilaga alitoa kitu ambacho hakirudi, ingawa aliniacha nimepiga magoti mtoto akipoa. Tusekile nilimdai pumzi bila kumwambia anadaiwa. Kila mmoja ana haki na kila mmoja ananitazama. Na mwenye kutoa jina ndiye huyu huyu aliyeyasababisha yote. Nikimpa Tusekile, mtasema nanunua msamaha. Nikimpa mume wangu, mtasema nalipa kimya chake. Nikimpa Subilaga, mtasema nawakimbia wote wawili.

Shikeni mtoto, mpitisheni, kila mmoja amtazame usoni. Kesho saa nne mchungaji atachota maji kwa mkono, atanitazama mimi, atauliza mtoto anaitwa nani, na kanisa zima litanyamaza kunisikiliza. Semeni ninyi, maana mimi nimeshanyamaza mara moja na mnajua ilivyokuwa. Lusajo, Tusekile au Bupe: nani alistahili, na je, ni mimi wa kulitamka?